Theluji bila kwenda Ulaya: tulivyopeleka watoto Afriski kutoka Lubumbashi

Watoto wetu waliomba theluji kwa muda mrefu, na kila tulipouliza, tuliambiwa habari za Ufaransa na Uswisi. Kwa familia ya hapa huko hakufai. Viza yenyewe ni vita, tena msimu wao ni Desemba hadi Machi, wakati watoto wako darasani. Lesotho ni kinyume chake: baridi yao ni Juni hadi Agosti, na sehemu yake kubwa iko ndani ya vakansi kubwa, na kutoka Luano, uwanja wetu wa ndege, unapanda ndege moja tu hadi Johannesburg. Ndiyo maana tulichagua Afriski, kituo cha kuteleza kwenye theluji huko Lesotho, kwenye milima ya Maloti, na nawaandikia wazazi wanaodhani jambo hili ni la matajiri peke yao.

Wakala mmoja wa safari hapa mjini alitutajia bei ya jumla iliyotuvunja moyo. Tulipoichambua tukaona kwamba ukitoa ndege, karibu kila kitu kingine kina nafuu yake, na nafuu kubwa iko kwenye tarehe. Shule za Afrika Kusini hufungwa kwa majuma kadhaa kati ya Juni na Julai, na hapo ndipo vyumba hujaa. Sisi tulingoja zifunguliwe. Vakansi yetu inaendelea hadi mwanzo wa Septemba, kwa hiyo Agosti ni yetu, hasa katikati ya wiki, kwa sababu wikendi watu hurudi kwa wingi.

Makoti, glavu na suruali zisizopenya maji tulivipata kwenye mitumba, soko la komini ya Kenya hapahapa Lubumbashi. Inataka subira, lakini marobota yanatoka nchi za baridi, na koti zito la theluji halina wagombea wengi Lubumbashi. Jinzi ziacheni nyumbani, zikilowa hazikauki. Mbao za kutelezea, fimbo na viatu vyake hukodishwa hapohapo mlimani. Ndani ya kiatu vaa soksi moja ndefu, basi. Ukivaa mbili mguu unabanwa, damu haitembei vizuri, na vidole vinakufa ganzi.

Kutoka Johannesburg tulikodi gari, mwendo wa karibu saa tano, kupitia Clarens na mpaka wa Caledonspoort. Mwambieni mwenye gari mapema kwamba mnaingia Lesotho, kwa sababu mpakani mtadaiwa barua yake ya ruhusa. Kuanzia mji wa Butha-Buthe barabara ni ya lami lakini inapanda milima kwa kona kali, kwanza Moteng, kisha Mahlasela, mita 3,222 juu ya bahari. Lubumbashi tunaishi kwenye mita 1,200 hivi, kwa hiyo kichwa kinauma usiku wa kwanza. Kunyweni maji mengi, na watoto wasikimbizane siku hiyo.

Muwaambie pia ukweli kabla hawajafika: si nchi nzima iliyo nyeupe. Theluji ya mbinguni huja inapotaka, kwa hiyo mashine hurusha maji usiku wa baridi kali yakaganda. Mnakuta utepe mweupe wa karibu kilomita moja, na pembeni majani makavu ya kahawia. Aliyezoea milima ya Ulaya ataumaliza haraka. Kwa wanaoanza unatosha kabisa.

Pesa tuliyoitoa kwa moyo mweupe ni ya mwalimu. Binti yetu mdogo aling'ang'ania mkono wangu hadi yule kijana wa Kisotho akaniambia, "Ntate," yaani baba, "mwachie." Akapiga goti mbele yake, akazipanga mbao kwa mikono: ncha za mbele zikaribiane, visigino vitanuke, magoti yakunjwe. Mtoto akateleza kidogo, akaanguka ubavu, akacheka, akainuka mwenyewe. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa anajua kusimama bila kushikwa. Kaka yake tulimtoa mlimani kwa kumbembeleza.

Mama watoto hakutaka kuteleza, na hakulipia vifaa wala mafunzo. Chukueni malazi yenye jiko. Unga wa mahindi unapatikana Butha-Buthe, kwa hiyo bukari tulisonga wenyewe kila jioni, na randi ya Afrika Kusini inapokelewa sawasawa na loti, pesa ya Lesotho. Bebeni Vaselini na miwani ya jua, maana huko juu jua linapiga kutoka angani na tena kutoka kwenye theluji, na midomo inapasuka.

Nguvu zenu ziwekeni kwenye makaratasi, na anzeni mapema. Lesotho imezungukwa pande zote na Afrika Kusini, kwa hiyo kwenye ombi la viza ya Afrika Kusini andikeni wazi kwamba mtatoka na kurudi, mpewe ya kuingia zaidi ya mara moja. Masharti ya Lesotho yaulizeni wakati huohuo, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto viwe kwenye mkoba wa mkononi.