Paka mwitu: omena mlangoni au kumfungia chumbani?

Hapa Kisumu paka asiye na mwenyewe hakosekani, hasa karibu na wauza samaki. Ukitaka kumzoesha watu, omena (dagaa) ni njia ya bei nafuu: konzi moja, saa ile ile kila jioni, nawe ukae kando bila kumkodolea macho. Wangu alichukua miezi mitatu ndipo akala nikiwa hatua mbili tu. Kisha sufuria ikaanguka, tukaanza upya.

Kumfungia chumbani ni haraka zaidi kwa kitoto cha chini ya wiki 8, ila kuna mchanga wa choo chake wa kubadilisha kila siku. Paka mzima? Mimi singethubutu. Akikuuma, osha kidonda kwa sabuni dakika 15, kisha hospitali; kichaa cha mbwa si mchezo.

Una kitoto na chumba cha ziada, mfungie. Una kibaraza tu, nunua omena.