Mikeka, vibao, ndoo na picha za ukutani: nini kinunuliwe kwa darasa la maandalizi kabla ya Januari

Mwalimu wa maandalizi mwenye watoto 25 na fungu dogo la pesa ana mambo manne ya kuamua kabla skuli hazijafunguliwa Januari: watoto watakaa juu ya nini, watashika nini, watanawa wapi, na ukutani pawe na nini. Tumeviangalia vifaa vinavyopatikana kwa wepesi Unguja na Pemba, madukani, kwa mafundi na kwa wasusi wa shamba. Maoni yetu ni kwamba pesa nyingi hupotea ukutani, ilhali zingefaa zaidi sakafuni.

Tuanze na mkeka. Mkeka wa ukindu ni kitu kizuri kuliko vyote kwa kukalia: hautelezi kirahisi juu ya saruji, haupati joto wakati wa kaskazi, na mtoto hukaa juu yake muda mrefu bila kuhangaika. Lakini kabla hujalipa, angalia mshono. Mkeka ni ukili (utepe wa ukindu uliosukwa) mrefu ulioshonwa ubavu kwa ubavu, na hapo ndipo unapoanza kufa. Ushike pande mbili, uvute kidogo, uuelekeze kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapenya kati ya ukili na ukili, uzi umelegea, na vidole vya watoto vitalipanua tundu hilo kabla ya masika. Unuse pia. Mikeka iliyowekwa stoo wakati wa mvua za vuli huwa na harufu ya uvundo, na ukungu ukishaingia ndani ya msuko hautoki kwa kuanika juani siku moja.

Mkeka wa plastiki unafaa sehemu ya maji na udongo tu. Unaoshwa na kukauka upesi, ila kwenye sakafu laini huteleza, na pembe zake hujikunja juu zikawakwaza watoto. Usiutandike mlangoni wala kwenye njia. Jamvi ni la barazani. Msuko wake mkubwa huchoma miguu na hushika mchanga. Kwa hesabu, mtoto aliyekunja miguu anahitaji kama nusu mita kwa nusu mita, kwa hiyo mkeka wa mita 2 kwa 1 unatosha watoto sita kwa raha, wanane kwa kubanana. Darasa la watoto 25 linataka mikeka minne hadi mitano ya kadiri hiyo.

Vibao vya kujengea, vipande vya mbao vya kuchezea, ndiyo kifaa tunachokipigia debe kuliko vyote, na hivi usivinunue dukani. Mpe kazi fundi seremala. Vipimo vinavyotumika ni vile vya Caroline Pratt, mwalimu wa New York mwanzoni mwa karne ya 20: kibao cha msingi kina urefu wa sm 14, upana sm 7 na unene sm 3.5. Urefu ni mara mbili ya upana, na upana ni mara mbili ya unene. Kwa uwiano huo, nusu mbili zinalingana sawasawa na kibao kimoja, na vibao viwili vinalingana na kirefu cha sm 28. Mtoto anaiona hesabu kwa macho kabla hajajua kuandika namba.

Kwa watoto watano au sita wanaocheza pamoja, vipande 100 vinatosha: msingi 50, nusu 30, virefu 20. Hiyo ni mbao ya sm 7 kwa 3.5 yenye urefu wa karibu mita 15, pamoja na sehemu inayoliwa na msumeno. Ongeza mita moja kwa ajili ya mafundo na nyufa.

Kosa la kawaida liko kwenye msumeno huohuo. Fundi akiipiga mbao alama zote kwa mara moja kila sm 14, kisha akakata, kila kipande hupungua kama milimita 3. Vibao vinne vikishapangwa kwa urefu vinapungukiwa na zaidi ya sentimita moja mbele ya virefu viwili vilivyokatwa kwa usahihi, daraja halikai sawa, na mtoto anavunjika moyo bila kujua kwamba kosa si lake. Mwambie akate kimoja kwa usahihi, akitumie kuwa kigezo, na apime upya baada ya kila mkato.

Mbao ya mfenesi ni nzuri ikiwa kavu. Mvinje ni mzito na hupasuka ukikauka. Mbao mbichi ya aina yoyote ikatae, kwani itajipinda ndani ya miezi michache. Kingo zipigwe msasa mkali kwanza, kisha laini, mpaka kitambaa cha khanga kipite bila kunasa uzi. Vibao usivipake rangi ya mafuta ambayo kopo lake halisemi kwamba haina madini ya risasi, wala mafuta ya nazi, maana yatachacha. Viache vitupu. Wiki ya kwanza toa nusu tu ya vibao. Watoto wageni wakikuta lundo kubwa hurusha badala ya kujenga.

Kwa kuhesabia, komwe, zile mbegu za mchezo wa bao, zinashinda vihesabio vya plastiki. Ni ngumu, zinateleza vizuri mkononi, na zinaoshwa. Tia kumi kumi katika vifuko vya kitambaa na uzihesabu wakati wa kuzirudisha, kwa sababu mtoto wa miaka minne bado anaweza kutia kitu puani. Kama darasani yupo aliye chini ya miaka mitatu, usizitoe kabisa.

Ndoo ya kunawia ya lita 20 yenye mfereji (koki): ichague ambayo mfereji umekaa chini kabisa, vinginevyo maji ya mwisho hayatoki. Mimina maji papo hapo dukani. Tundu lililotobolewa kwa kisu cha moto mara nyingi huwa pana kuliko mpira wa mfereji, na maji hupenya pembeni. Watoto 25 wakitumia nusu lita kila mmoja ni lita 12 na nusu kwa mnawo mmoja, basi ndoo moja haitoshi kwa mnawo wa pili bila kujazwa tena.

Picha za alfabeti zinazouzwa madukani hatuzipendekezi. Nyingi zina Q na X, herufi ambazo mtoto hatazikuta katika maneno yake, na hazina ch, dh, gh, ng' wala sh, anazozisikia kila siku. Nunua manila nyeupe na kalamu nene, uandike silabi mwenyewe, kila moja na picha ya kitu kinachojulikana hapa: chaza, dhahabu, ghala, ng'ombe, shoka. Selotepu haishiki kwenye ukuta wa chokaa, kwa kuwa hung'oka na unga wake. Funga kamba kutoka msumari hadi msumari, ubane manila kwa vibanio vya nguo, kamba iwe kama mita moja kutoka sakafuni, usawa wa macho ya watoto wenyewe. Ukuta mmoja uache mtupu kwa michoro yao.