Simu, nyota na darubini ya kwanza: kipi kitangulie kununuliwa?

Nyota ni nukta. Itazame kwa darubini yoyote unayoweza kuibeba, itabaki nukta. Kwa hiyo anayetaka picha ya anga lililojaa nyota hana haja ya darubini kabisa, na ndiyo maana orodha yangu inaanzia pengine.

Nafasi ya kwanza naipa stendi ya miguu mitatu pamoja na kishikio cha simu. Palipo na giza la kweli, simu iliyotulia juu ya stendi, katika hali ya usiku, huitoa Njia Nyeupe (Milky Way), ule mkanda wa nyota angani, kwa sekunde 15 hadi 20 tu. Ukizidisha, nyota huanza kuwa vistari, kwa sababu dunia inazunguka digrii 15 kila saa. Tumia kipima muda cha sekunde 3 ili kidole kisiitikise simu. Na usinunue stendi nyepesi kama unyoya, hata upepo mdogo huichezesha.

Ya pili, na kwa darubini ndiyo ya kwanza: darubini ya kioo yenye kipenyo cha milimita 130, ya kuweka mezani, yenye kitako cha Dobson, yaani kitako rahisi cha kuzungushwa kwa mkono. Kioo chake hukusanya mwanga zaidi ya mara tatu ya lenzi ya milimita 70. Nyingi zina fokasi (umbali kutoka kioo hadi mwanga unapokutana) ya milimita 650. Gawanya kwa lenzi ya jichoni ya milimita 25, unapata ukuzaji wa mara 26, na Kilimia chote, lile kundi dogo la nyota, kinaenea ndani. Kwa lenzi ya milimita 10 unafika mara 65: pete za Zohali zinaonekana, na ile miezi minne ya Mshtarii aliyoigundua Galileo mwaka 1610 inajipanga kama shanga. Kasoro yake ni kwamba haifuati anga yenyewe. Kwa mara 65 sayari huvuka na kutoweka ndani ya dakika tatu hivi, nawe utakuwa unaisukuma kwa mkono. Nebula ya Orion, lile wingu la gesi angani, ipige picha nyingi za nusu sekunde, kisha zilundike kwa programu ziwe picha moja. Picha moja ya sekunde tano itakupa michirizi mitupu. Meza nayo iwe imara, la sivyo umenunua bure.

Tatu ni Maksutov, darubini yenye lenzi mbele na kioo nyuma, ya milimita 90 au 102. Ni fupi, inaingia begini, na kwa Mwezi na sayari ni kali sana. Ila uwanja wake wa kuona ni mwembamba, Kilimia hakienei, na inataka kukaa nje nusu saa hivi ipoe kabla taswira haijatulia.

Nne, darubini ya lenzi ya milimita 70. Mwezi unatoka vizuri, ingawa ukingoni huvaa utepe wa zambarau. Lenzi siyo tatizo, miguu ndiyo tatizo: ning'iniza simu ya gramu 200 nyuma yake uone mrija unavyoinua pua.

Usisahau kishikio cha kuunganisha simu na darubini. Chukua chenye skrubu tatu za kusogeza simu juu-chini, kushoto-kulia na mbele-nyuma, maana kamera ikipishana na lenzi ya jichoni kwa milimita mbili tu unapiga picha ya giza. Kibane kwenye lenzi ya jichoni ukiwa ndani, penye mwanga, kabla ya kutoka. Simu zenye kamera kadhaa zina ujanja wa kuhama lenzi zenyewe gizani, kwa hiyo ifungie kwenye kamera kuu.

Boksi lililoandikwa "mara 525" liache dukani. Ukuzaji wenye maana hauzidi sana mara mbili ya kipenyo kwa milimita, yaani darubini ya milimita 60 inaishia kama mara 120. Mimi yangu ya kwanza ilikuwa ya aina hiyo, na kwa ukuzaji mkubwa niliona ukungu unaotetemeka. Ndani mlikuwa pia na kichujio cha jua cha kuskrubu kwenye lenzi ya jichoni. Ukikuta hicho, kitupe: huweza kupasuka kwa joto jicho likiwa papo hapo. Kichujio salama ni kile kinachofunika mdomo wote wa mbele.