Datsun ya Mia Nne: Uzito Haukuisaidia

Karibuni tena, wapenzi wa magari ya kiganjani. Leo mezani nina hii Datsun 240Z, skeli ya 1:64, yaani ndogo mara 64 kuliko gari lenyewe. Jina la kampuni nimelibandika tepu, maana hawajanilipa na nitawasema. Nimeinunua shilingi mia nne kwa sababu ya mzee wangu. Huyo ukimgusia Safari Rally ya 1973, Shekhar Mehta akishinda na 240Z, chai itapoa.

Bodi sina neno: zinki, imetulia mkononi, rangi haijavuja kwenye madirisha. Shida iko chini. Hebu sogeeni muone gurudumu hili la nyuma. Linacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza! Ekseli imepinda.

Uwanja wetu ni ule ule: mfereji wa plastiki wa kupitishia nyaya za umeme, umelazwa kwenye ngazi za ploti, mdomo unaelekea koridoni. Mwisho wa mbio napima kwa milango ya majirani. Datsun hii, vile ilivyotoka kwenye pakiti, ilifia mlango wa tatu.

Basi nikaifungua. Kichwa cha ribiti, kile kipini kinachoshikanisha bodi na sakafu ya gari, unakila kwa drili ya milimita 3, pole pole. Kisha unatoboa kwa 1.6 ili baadaye ufunge na skrubu ya milimita 2. Mimi zangu nimezitoa kwenye laptop mbovu, mafundi wa Luthuli, ule mtaa wa elektroniki Nairobi, wanakupa ukiomba vizuri.

Na hapa nikakosea kama kila mtu, nikakimbilia uzito. Nilipata risasi kwa fundi wa tairi, vile vipande vya kubalansi gurudumu. Kikikubali alama ya ukucha, hicho ni risasi. Nawa mikono ukimaliza, na gari lenye risasi usimpe mtoto achezee. Kutoka gramu 35 nikafika 47, nikaachilia. Mlango wa tatu na nusu! Gramu 12, nusu mlango. Mzigo unaisukuma ishuke, sawa, lakini huo huo unaikandamiza ekseli, kwa hiyo msuguano nao unapanda. Faida inayobaki ni kupasua hewa, na kwa mwendo huu hewa si adui mkubwa.

Ekseli ndiyo ilibadilisha mambo. Niliiviringisha juu ya kioo, nikiikandamiza kwa rula ya chuma, mpaka ikaacha kurukaruka. Nikaisugua kwa msasa namba 2000, halafu dawa ya meno, nikaiosha, nikaikausha. Mwisho unga wa grafiti, ule wa kulainishia kufuli, kidogo tu, kiasi cha ncha ya kiberiti.

Msiweke mafuta ya cherehani, tafadhali. Nyingine niliitia, ikaruka raundi tatu, ya nne ikakusanya vumbi lote la korido na nywele za paka.

Je, ununue? Kama una drili na jioni moja ya kupoteza, chukua. Kama ni ya kumfungulia mtoto leo leo, mia nne ni nyingi kwa ekseli hii. Au chungulia pakiti ukiwa dukani, magurudumu yote manne yasimame wima.

Sasa tuiachilie. Jana ilipita mlango wa sita ikagonga ndoo ya jirani. Mama, samahani, hebu sogeza maji kidogo... Moja, mbili...