TAHADHARI: Anayeuza kifaa cha shingoni cha "kutembeza" wagonjwa wa Parkinson ni tapeli

Jamani, wiki nzima nimekaa kimya kwa aibu. Nikiendelea kunyamaza, atampiga mwingine.

Hali ya baba mnaijua: ana Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaovuruga mwendo. Akifika mlangoni miguu inaganda kama imegundishwa sakafuni, mwili unatangulia. Yule mtu alikuja mpole, akamwamkia mzee kwa heshima zote. Akabandika mistari ya utepe mweupe sakafuni, eti ya kupimia hatua. Akamvalisha kifaa shingoni, akawasha, kikawa kinavuma. Kisha akaanza kupiga makofi akihesabu: moja, mbili, moja, mbili. Baba akanyanyua mguu! Akavuka mstari wa kwanza, wa pili, akapita mlangoni bila kusimama. Mama alilia. Nikalipa palepale, zote.

Na msidhani sikuuliza. Kuchochea kwa umeme neva ya vagasi, neva ndefu inayotoka kwenye ubongo na kupita shingoni, kunafanyiwa utafiti kweli kwa matatizo ya kutembea, na uti wa mgongo vilevile. Upasuaji wa kuweka nyaya za umeme ndani ya ubongo uliidhinishwa Marekani kwa Parkinson mwaka 2002. Haya yote aliyataja, nikayatafuta, nikayakuta ni kweli. Ndiyo maana nikamwamini.

Kesho yake baba aliganda mlangoni palepale, kifaa kikivuma shingoni, akaanguka kwa magoti. Mistari haikuwepo, yule mtu aliibandua yote akaondoka nayo. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo ndiye aliyetueleza: kilichomtembeza mzee ni mistari na mdundo. Mgonjwa akipata alama ya kuvuka au mapigo ya kufuata, mara nyingi miguu huachia kwa muda. Na hayo hayana malipo kabisa! Tena yule tapeli alishauliza kwenye simu mzee anameza levodopa, dawa yake ya Parkinson, saa ngapi, akaja dawa ikiwa imeshika.

Kinachoniuma kuliko pesa: alitaka tuache dawa, "neva ziamke zenyewe". Kuacha levodopa ghafla kunaweza kuua mtu! Huyu si mwizi tu, afungwe, na vifaa vyake vyote vichukuliwe. Alisema kinaponya, wakati Parkinson haijapata tiba ya kuiponya. Hakutaka kuzungumza na daktari wa baba. Risiti hakutoa. Sasa simu haipatikani.

Aliyeuziwa naye anitafute twende polisi pamoja. Kifaa ninacho, sijakitupa. Mlangoni kwa baba tumebandika utepe wetu wenyewe.