Kupimwa retina Ngamiani: mama aliulizwa kwanza

Wenye wazazi wanaougua kisukari na wanaokimbia kipimo cha retina (ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), nawaandikia ninyi. Mama yangu alikuwa hataki hata kukisikia. Pale alipopimwa mara ya kwanza (si hapa) walimmulika bila neno, akafumba macho, wakamkamata kichwa. Akaapa harudi tena.

Kwenye kliniki hii ya macho ya Ngamiani, Tanga, muuguzi alianza na "Shikamoo, mama." Akamweleza kwamba matone yatawasha kidogo, mboni itapanuka, na vya karibu ataviona kwa ukungu hadi jioni. Akavuta kope ya chini, mama akatazama dari, tone likaingia. Halafu akamwambia afumbe bila kukaza, akabonyeza kwa kidole ile kona ya jicho iliyo upande wa pua, akatulia hivyo kitambo. Nikamuuliza ya nini. Akasema dawa isishukie kooni, ni chungu. Kweli, mara ile ya kwanza mama alitema mate njia nzima!

Tulisubiri kama nusu saa mboni zipanuke. Daktari akaja na taa kichwani na lenzi mkononi, akamlaza kitini. "Mama, mwanga huu ni mkali. Ukichoka nyoosha mkono, nitazima." Mama akanyoosha, na taa ikazimwa papo hapo, bila kuguna wala kuharakishwa. Akapumua, akafuta machozi, akasema haya endelea. Tazama juu, tazama kulia, sasa chini, na kila jicho likamalizwa hivyo. Kwangu mimi huduma nzima ilikuwa katika huo mkono ulionyooshwa.

Daktari akatuambia kuna mishipa midogo ya damu imeanza kuvuja, ila katikati pa kuonea bado pazima. Mama hakuwa na dalili yoyote! Kisukari ndivyo kinavyoharibu nyuma ya jicho, kimyakimya, na ndiyo maana mgonjwa hupimwa kila mwaka.

Kasoro ninayo moja. Walipotupa miadi hawakututajia miwani ya jua. Tukatoka na jua la saa saba, mama hawezi kufumbua macho, akajifunika kanga ndani ya bajaji hadi Makorora. Hilo walirekebishe.

Ukienda, beba miwani nyeusi na uwe na mtu wa kukurudisha. Pikipiki yako iache nyumbani siku hiyo.