Wali ule haukupikwa kwenye chungu kile

Nimekasirika, na nitaanza na kilichonikasirisha kabla sijasema lolote jema, maana mema yapo. Mgahawa wenyewe ni wa Kikorea, uko Gangnam, Seoul, wa aina ile ya kisasa ambayo huchagui chakula. Unakaa kaunta, wapishi wanakuletea sahani moja baada ya nyingine mpaka menyu iishe. Jioni mtu mmoja analipa zaidi ya won 300,000, kinywaji mbali. Kwa pesa hiyo nimedanganywa kuhusu wali.

Kwa Wakorea wali si wa kusindikizia. Kwenye menyu za namna hii vinatangulia vitafunio vya kufungulia kinywa, wanafuata samaki na nyama, halafu karibu na mwisho, kabla ya vitamutamu, inakuja zamu ya siksa: wali, supu, kimchi (mboga zilizochachushwa kwa chumvi na pilipili) na vitoweo vidogo vidogo. Hapo ndipo mpishi anapoonyesha kwamba pamoja na mapambo yote bado anajua kulisha watu. Wali wa heshima ni sotbap, unaopikwa kwenye chungu kidogo cha chuma au cha jiwe, cha watu wawili watatu tu, na haukubali haraka. Mchele wa punje fupi unaoshwa mpaka maji yakaribie kutakata, unalowekwa nusu saa, unachujwa. Ukishalowana, maji ni kikombe kwa kikombe. Moto mkali hadi uchemke, kama dakika tano. Moto mdogo dakika kumi. Kisha unazima na kifuniko hakiguswi dakika kumi nyingine, mvuke umalizie kazi. Anayetaka ukoko mzuri anapandisha moto kidogo kabla ya kuzima, anatega sikio mpaka asikie mchele ukitatarika chini. Yote hayo, ukiacha kuloweka, ni karibu nusu saa. Kwa hiyo chungu chako kinatakiwa kiwe motoni wakati wewe ungali kwenye samaki, la sivyo utakaa na sahani tupu.

Zamu ikafika. Chungu kikawekwa mbele yangu, kizuri, cha chuma cheusi, na mhudumu akatamka kwa sauti ya kaunta nzima kuisikia kwamba wali umepikwa humo humo na umeiva sasa hivi. Akafunua. Juu palikuwa na vipande vya domi, samaki ambaye akiwa mbichi basi hakuna mfano wake. Mimi nikatazama ukingo wa ndani wa chungu, na ulikuwa safi kabisa.

Wali unaochemka chunguni hutoa povu la wanga. Povu linapanda, linagusa kifuniko, likikauka linaacha utando mweupe pembeni ambao hautoki mpaka uloweke chungu. Hakuna jiko linaloweza kuusugua kabla ya kukileta mezani, chungu kingali cha moto. Hapa utando haukuwapo, si ukingoni wala chini ya kifuniko. Kwenye kifuniko kulikuwa na matone makubwa ya maji matupu yakidondokea wali. Akaingiza mwiko, akageuza kutoka chini, na kilichotoka chini kilikuwa sawasawa na cha juu: cheupe, laini, kimelowa kidogo. Ukoko hata chembe. Wali ule ulipikwa mapema kwenye mashine ya umeme au oveni ya mvuke, ukatunzwa na joto, ukahamishiwa kwenye chungu kilichopashwa. Na samaki alichomwa pembeni akatandazwa juu mwishoni kabisa, kwa sababu domi akiwekwa wakati chungu kinapumzika mafuta yake yanashuka na kuuingia wali. Wali ule chini ya samaki haukuwa na habari ya samaki.

Hasara haiishii hapo. Ukishapakua wali, ukoko unaachwa chunguni, unamiminiwa maji ya moto, kifuniko kinarudishwa. Baada ya dakika chache unakunywa sungnyung, maji yenye harufu ya mchele uliokaukia motoni, na ndiyo yanayosafisha kinywa baada ya kimchi na kulituliza tumbo lililokula vitu vingi vya chumvi. Menyu nzima inaelekea pale. Mimi nikaletewa kikombe cha chai ya shayiri.

Nikauliza kwa Kikorea, kwa heshima zote zinazotakiwa, ukoko uko wapi. Mhudumu akanijibu kwa Kiingereza kwamba wageni kutoka nje huwa hawaujali, akaondoka kwenda kumimina kinywaji upande wa pili. Hakusubiri hata nimalize kusikia! Huwa hawaujali? Sisi tunaopalia makaa juu ya kifuniko ili wali ukauke vizuri, ambao watoto wetu wanagombania ukoko sufuriani, ndio tuambiwe hatuujali? Afadhali angesema umekwisha, au jiko limezidiwa. Hilo ningelielewa.

Maana sababu naijua. Kaunta ya watu 14, chungu kimoja kwa wawili, inahitaji vyungu saba, na kila chungu kinataka moto wake na jicho lake. Mgahawa una mikupuo miwili ya wageni kwa usiku mmoja. Mkupuo wa kwanza ukichelewa, vyungu vya wa pili havina pa kukaa. Ukipika wote kwenye mashine moja, shida hiyo inaisha. Lakini migahawa inayojali imeshaitatua zamani: wanapika chungu kimoja kikubwa kwa watu wanne, wanakizungusha kaunta kikiwa kimefunikwa ukione, wanapakua mbele yako, na kila mtu anapata kipande chake cha ukoko. Hakihitajiki kifaa kipya, kinahitajika kijana mmoja asimamie moto.

Sasa hayo mema. Bugak yao sijaionja nzuri hivyo kwingine: karatasi ya mwani inapakwa uji wa mchele unaonata, inakaushwa mpaka iwe kavu kabisa, ndipo inapita kwenye mafuta ya moto sekunde chache na kufura. Ikikaangwa na unyevu inabaki ngumu inakwama menoni. Yao ilivunjika kwa ulimi. Abaloni, konokono mkubwa wa baharini, ilikuja na mchuzi wa ini lake, mchungu kwa kiasi kinachotakiwa. Nyama ya hanwoo, ng'ombe wa asili wa Kikorea, ilichomwa kwa mkaa na ikapumzishwa vya kutosha, sahani haikuwa na tone la damu. Supu ya doenjang, rojo la soya iliyochachushwa, ilikuwa na naengi, mboga ya machipuko yenye mizizi inayonukia udongo, na ilimiminwa kwenye bakuli la yugi, ile aloi ya shaba 78 kwa bati 22 inayoshika joto mpaka kijiko cha mwisho. Kwa supu ile peke yake ningerudi.

Na jang zao, yaani viungo vya soya iliyochachushwa, ni za kwao wenyewe. Soya zinachemshwa, zinapondwa, zinafinyangwa kuwa matofali, zinatundikwa kwa majani makavu ya mpunga mpaka zishike ukungu, kisha zinazamishwa kwenye maji ya chumvi ndani ya magudulia ya udongo kwa siku 40 hadi 60. Maji yanakuwa ganjang, yaani mchuzi wa soya, masimbi yanakuwa doenjang, na kila kimoja kinaanza kukomaa kivyake. Mgahawa unaeleza kwa fahari kwamba UNESCO iliitambua kazi hiyo Desemba 2024, na fahari hiyo ni halali, maana ganjang yao ya miaka mitano, matone mawili juu ya abaloni, ilinifanya ninyamaze. Ndiyo maana wali unauma zaidi. Watu wanaosubiri ganjang miaka mitano wameshindwa kusubiri wali nusu saa!

Kwa Waislamu: semeni mapema wakati wa kuweka nafasi, si mkifika. Nguruwe wanaondoa bila shida. Tatizo ni pombe ya mchele kwenye michuzi, na pia gochujang (rojo la pilipili) na michuzi ya soya ya kiwandani, ambavyo vingi huongezwa alkoholi ili visiharibike. Hapa walijibu swali hilo vizuri, sahani kwa sahani. Kimchi ina kamba na dagaa wa kuchachusha, kwa hiyo asiyekula vitu vya bahari naye aseme.

Nilikuwa nimeamua kuandika msiende. Kisha nikakumbuka supu, nikataka kusema nendeni mchana, ambapo bei inashuka karibu nusu, mkupuo ni mmoja na jiko halina presha. Pengine chungu kinapikwa kweli saa hizo. Bakshishi haitakiwi Korea na kodi imo kwenye bei, kwa hiyo unachokiona ndicho unacholipa. Ukienda, chungu kikifika omba ukione kifuniko kwa ndani kabla hakijaondolewa, halafu sema waziwazi kwamba unataka nurungji, yaani ukoko, na sungnyung.

Lakini nimewaandikia mgahawa, nikaeleza habari ya ukingo safi na jibu la mhudumu. Wamenijibu kwa barua ndefu yenye shukrani nyingi: wamefurahi kuwa nilipenda abaloni, wanatazamia kunipokea tena, na wamenipa nafasi ya mbele kwenye menyu ya msimu ujao. Kuhusu wali, neno moja halimo. Nyota tatu nilizokuwa nimeziandika nimezifuta, nimeacha mbili, na hizo mbili ni za supu na ganjang.